Siku treni ya Kabongo iliposubiri dereva apige penalti

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nawaletea kisa cha mpira wa kwetu Kamina, enzi za Zaïre. Nilikuwepo kiwanjani, namba mbili mgongoni, na sina sababu ya kuwadanganya.

Timu yetu ilikuwa ya mjini, si ile ya wanajeshi wa base, kambi ya jeshi ya pale. Mshahara hakuna. Tukishinda tulipewa sabuni na unga, tukishindwa tulipewa pole. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mimi nilifundisha shule ya misheni.

Mshambuliaji wetu, Kalenga, alikuwa machiniste, yaani dereva wa treni. Mashabiki walimwita Sans Frein, asiye na breki.

Jina zuri kwa mshambuliaji. Abiria wake hawakulipenda sana.

Sasa tukapangiwa mechi ya coupe, yaani kombe, kule Kabongo. Kwa bahati, treni ya siku hiyo ilikuwa zamu ya Kalenga. Asubuhi akatupeleka, akavua ovaroli, akavaa bukta. Mpango ulikuwa tucheze, tupande tena, aturudishe nyumbani.

Dakika tisini zikaisha sare. Coupe haina sare, kwa hiyo tukaongezewa muda.

Ndipo nikamwona chef de gare, mkuu wa stesheni, anaingia kiwanjani na kofia yake, bendera nyekundu mkononi. Nyuma yake abiria wa treni nzima, wengine na mizigo kichwani. Walikuwa wamechoka kukaa ndani ya mabehewa yasiyoondoka.

"Kalenga, toka. Saa ya treni ilishapita."

Arbitre, yaani refa, mtu wa Kabongo, akamjibu kwa upole, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho "njo" ni "ndiye" na "minyi" ni "mimi": "Papa chef, kule ku gare mukubwa njo weye. Hapa njo minyi. Toka ku kiwanja."

Kalenga akabaki kasimama katikati yao. Nilijua anachowaza. Reli ilikuwa inalisha watoto wake. Mpira ulikuwa unampa sabuni.

Aliyeamua ni Mama Ngoie, abiria, muuzaji wa samaki wakavu wa Kinkondja. Alishusha kapu lake, akakaa kwenye majani.

"Papa chef, muache amalize. Ukimutosha na kisirani, njo sisi tutakufa mu njia."

Yaani dereva akitolewa na hasira, watakaoumia njiani ni abiria. Chef akafikiri kidogo, akakunja bendera.

Kuanzia hapo tukawa na mashabiki wengi kuliko wenyeji. Kila abiria alitaka tufunge upesi aende zake. Watu wa Kabongo wakalalamika eti tumeleta mashabiki kwa mabehewa.

Muda wa nyongeza nao ukaisha sare. Penalti.

Ya mwisho ikabaki kwa Kalenga. Akifunga, tunaendelea kupigiana. Akikosa, tumetoka.

Akarudi nyuma mbali kweli, akaja mbio, akapiga. Mpira ukapita juu ya goli, ukaangukia kwenye shamba la mihogo.

Wakuu, mnajua mashabiki humfanya nini mtu wa hivyo. Nikaona midomo inafunguka. Mama Ngoie akawahi:

"Hapana museme kintu. Huyu njo atatufikisha Kamina."

Watu wakapanda treni kwa adabu ambayo sijaiona tena. Mzee mmoja alimpa Kalenga ndizi.

Tulipofika Kamina, Kalenga akazima mashine, akashuka. Hajapiga hata hatua mbili, matusi yakamwangukia yote kwa pamoja: Kiswahili, Kiluba, na Kilingala cha wake za wanajeshi. Wa kwanza kumtukana alikuwa Mama Ngoie mwenyewe. Kalenga akaegemea locomotive, akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake bosi wake wa reli akamwita. Swali la kwanza: "Mulishinda?"

"Hapana, patron."

Akanyang'anywa safari, akawekwa kupanga mabehewa tupu stesheni hadi mvua zikaisha. Kalenga mwenyewe aliamini kuwa kama mpira ule ungeingia, bosi angemnunulia bia.

Nilichojifunza: watu wanaweza kabisa kufunga midomo yao wakiwa na sababu ya kutosha. Tangu siku ile, shabiki akiniambia hasira zilimzidi, simwamini.

Karibuni kwenye maoni. Wa Kamina na Kabongo, kama mzazi wako alikuwa ndani ya treni ile, tuambie alimtukana Kalenga kwa lugha gani.