Siku Mume Wangu Alipompigia Mama Gitaa kwa Mgongo

Mama yangu hakuja Nairobi kuona majengo. Alisema hivyo kiondo kikiwa bado begani: majengo hata Kakamega yapo. Alikuja kusikia magitaa. Kule nyumbani redio ya jirani ilimletea nyimbo za Nairobi, lakini betri zilikuwa zikiishiwa nguvu katikati ya wimbo, na mama akakaa miaka na nyimbo nusunusu kichwani. Sasa alitaka kusikia wimbo mmoja mpaka mwisho, ukipigwa na watu wenye jasho, kisha apande gari la moshi arudi kwa ng'ombe wake.

Shida ilikuwa mume wangu. Siku za kazi alikuwa shamba-boi huko Lavington, akikata ua wa Mzungu, nasi tukikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Jumapili mchana alipiga gitaa la besi kwenye ukumbi mmoja wa Ngara, na bendi yao ya watu wa kwetu. Majina yao ninayo yote, mpaka la mpiga manyanga, lakini siyataji. Waliobaki wameokoka, na wajukuu wao hawajui lolote.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kucheza ngoma mbele ya mkwe, hiyo ndiyo kabisa! Anayevunja mwiko hulipa mbuzi, na mbuzi huliwa na akina mama huku wakiichambua aibu yako mfupa kwa mfupa.

Basi mume wangu akahamia kwa askari wa geti, mama akalala kwangu. Wakizungumza, mmoja ndani, mwingine nje, mlango katikati, mimi ndiye posta.

"Mwambie mama, River Road kuna maduka ya santuri. Spika ziko nje barabarani, atasikia bure."

"Mwambie mkwe wangu nimesikia," mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

Tukaenda. Wee! Kila duka na spika mlangoni, hili linalia huku, lile linalia kule, mpaka mtu anatembea bila kujua afuate mguu wa wimbo gani. Lakini mnunuzi akionjeshwa kidogo tu, mwenye duka anaondoa santuri, anaweka nyingine. Mama alisimama pale, mkono kiunoni.

"Hawa nao betri zimewaishia?"

Jioni akatoa uamuzi. "Mwambie mkwe wangu Jumapili nakwenda kusikiliza bendi yake."

"Mwambie haiwezekani. Mwambie naumwa."

"Mwambie pole. Tena mwambie asubuhi nimemsikia akipiga mluzi."

Mume wangu akakimbilia kwa mkubwa wa bendi kuomba ruhusa ya kukosa. Yule bwana akakataa katakata. Hapakuwa na mwingine wa kushika besi.

"Bwana, bendi bila besi ni nyumba bila nguzo. Wewe geuka, piga ukitazama ukuta. Mgongo haujui mkwe."

Mume wangu akaona ni akili. Hakukumbuka jambo moja, na hata mimi sikulikumbuka: mwenye ukumbi alikuwa ametundika kioo ukuta mzima nyuma ya jukwaa, ili ukumbi wake mdogo uonekane mkubwa. Kila Jumapili kioo kile kilikuwa mgongoni mwa mume wangu, angekikumbukaje?

Mama alitoka kanisani moja kwa moja, kitambaa cheupe cha akina mama kichwani, Biblia ndani ya kiondo. Nikamketisha karibu na mlango, nikampa soda. Bendi ikaanza, mume wangu akielekea ukuta, macho kwenye nyuzi zake, na watu wakaanza kuuliza.

"Huyo wa besi tumemkosea nini?"

"Ni staili mpya hiyo."

"Staili gani? Ana deni hapa ndani!"

Kisha wakapiga ule wimbo. Mama aliujua kwa mlio wa kwanza. Ulipokaribia pale ambapo redio huzimika alishika meza kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja jino ling'olewe. Wimbo ukapita pale. Ukaendelea! Mama akainuka. Mabega yakaanza yenyewe, yale mabega ya kwetu, na miguu ikayafuata, mpaka nikamwona yuko mbele kabisa ya jukwaa.

Nikasikia besi ikijikwaa.

Ndani ya kioo, juu ya bega la mume wangu, mama na mkwe wake walikuwa wanatazamana jicho kwa jicho.

Mume wangu akafumba macho, akaendelea kupiga. Mama akajifunika leso kichwa kizima. Nikadhani sasa atakimbia. Kukimbia? Wimbo haujaisha! Alicheza vilevile ndani ya leso, akikumba viti, akimwaga vinywaji vya watu, na ukumbi mzima ukimpigia miluzi. Mlio wa mwisho ulipokatika aliinama kwa heshima kuishukuru bendi, akiwa ameelekea mlango wa choo.

Tulipofika nyumbani mama akaegemea mlango, mume wangu akiwa nje.

"Mwambie mkwe wangu, kumbe mwisho wake ndio mtamu."

"Mwambie mama kile kilikuwa kioo tu. Kioo si uso."

"Mwambie kilikuwa na macho yake."

Aliporudi Kakamega mama alijishtaki mwenyewe. Akina mama wakakaa kikao. Wengine walisema kweli, kioo si uso. Wengine, hasa wale waliokuwa hawajaonja nyama tangu Krismasi, walisema kioo ni kibaya zaidi, maana mtu huonekana mbele na nyuma kwa pamoja. Hao ndio walioshinda.

Mama akatutumia ujumbe kwa msafiri. Mkwe wake apeleke mbuzi wawili: mmoja wa kile kioo, na mwingine wa safari ijayo ya mama kuja Nairobi, ili akina mama wasisumbuke kukaa kikao tena.