Dakika Kumi na Moja za Ukuta

Watu wa mji wa Lorica wakiwa na kanda ya zamani inayonguruma kuliko inavyosema, humpelekea Eneida Burgos. Harusi, ubatizo, sherehe za mabinti waliotimiza miaka kumi na mitano, zote zimepita masikioni mwake. Ni kipofu tangu kuzaliwa. Kompyuta humsomea kila anachobonyeza, kwa sauti ya kasi ambayo wewe ukiisikia utadhani kuku wanagombana, na yeye huifuata huku akinywa kahawa. Hutafuta sekunde ambayo hakuna anayeongea, akaiambia kompyuta kwamba uchafu ndio huo, kisha akaagiza uondolewe kanda nzima. Mwenye pupa atawatoa watu wakiongea kama wamezama kwenye pipa. Eneida huondoa kidogo, akasikiliza, akaondoa tena.

Mambo ya picha alimwachia dada yake, Nubia. Tangu utotoni Nubia ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea barua, akamweleza nani kavaa nini na nani kanuna kanisani. Eneida hakuwahi kumwomba mtu mwingine, wala hakuona sababu.

Mama yao Petrona alipokaribia kutimiza mwaka kaburini, ndugu walikubaliana kwamba baada ya sala ya kumkumbuka watatazama kanda ya sherehe ya Eneida, ya mwaka ule alipotimiza kumi na mitano. Ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya marehemu. Nubia aliileta mwenyewe.

"Safisha mwanzo, safisha na ile dansi ya waltz," alisema. "Katikati kata. Si unamjua binamu yetu Edilberto na akili zake? Aliiacha kamera juu ya friji akaenda kucheza, ikabaki inapiga ukuta wa jikoni. Dakika kumi na moja za ukuta, mdogo wangu. Sisi huwa tunaziruka."

"Sauti je?"

"Sauti gani? Lile friji la mama lilikuwa trekta."

Ndivyo walivyo wenye macho. Wakiona ukuta wanasema hapa hamna kitu, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna hata mmoja aliyesikiliza. Eneida alianzia hapo hapo, maana friji linalonguruma peke yake ndiyo sampuli nzuri ya uchafu kuliko zote.

Alipoondoa ngurumo ya kwanza vilijitokeza vijiko, kisha muziki wa uani. Aliondoa tena, akamsikia mama yake akiuliza kisu cha keki kiko wapi. Eneida aliweka mikono mapajani akalia kwa furaha, kwa sababu alikuwa ameanza kuisahau sauti ile. Akaongeza kidogo. Sasa akaingia Nubia, Nubia wa miaka ishirini.

"Mama, ile barua ya redio imekuja. Tangu juzi. Wameipenda sauti ya Eneida, wanamtaka mjini Barranquilla mwezi wa kwanza akajifunze utangazaji."

"Iko wapi?"

"Nimeitia motoni."

Kijiko kikagonga sahani, na friji halikuwepo tena kuufunika mlio wake.

"Umefanya vizuri," alisema mama. "Akienda huyo, mimi nabaki na nani? Usimwambie. Haya, toeni keki."

Eneida alirudisha nyuma akasikiliza tena. Akarudisha tena.

Akiwa na miaka kumi na minne alijirekodi akaituma kanda redioni. Kila wiki alimuuliza Nubia kama kuna barua, na kila wiki Nubia alimjibu, "Bado." Baada ya miaka miwili aliacha kuuliza. Nubia alimbembeleza hata kwa maneno mazuri, kwamba redio wanataka sauti nzito, asijisikie vibaya. Basi Eneida akaamini kwamba sauti yake ni mbaya. Tangu hapo kanisani hakuimba, na kipaza sauti hakukisogelea. Ameyatumia maisha yake akisafisha sauti za wengine.

Hasira zikawa mbili. Ya Nubia ilikuwa na pa kwenda. Ya mama ilimuumiza zaidi, maana maiti haiulizwi kitu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Akifuta, dada yake atabaki macho yake, na ndugu wataondoka na mama yao mwema. Alikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Siku mbili baadaye Nubia alichungulia mlangoni. "Umeshakata ukuta?"

"Nimemaliza," alisema Eneida.

Siku ya sala nyumba ilijaa. Rozari iliposomwa ikaisha, na supu ya sancocho ingali jikoni inachemka, viti viligeuzwa kuelekea televisheni. Nubia alikaa ubavuni mwa mdogo wake kama kawaida, akamnong'oneza. Hapa unaingia na baba, gauni la waridi. Hapa mama anajifuta macho. Watu walicheka, wakaguna kwa huruma, wakasifu sauti ilivyosafika.

Kisha Edilberto, ambaye sasa ana kipara, akauliza, "Mbona ukuta?"

"Mdogo wangu, hukukata," Nubia alinong'ona. "Hapa ni ukuta tu."

"Subiri, dada."

Mama akauliza kisu. Sebuleni watu wakashusha pumzi kumsikia, bibi mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha likaja lile la barua, la moto, na lile la kubaki na nani, kila neno wazi kama limesemwa pale pale. Mkono wa Nubia ulikuwa umeshika mkono wa Eneida, na Eneida aliusikia ukipoa.



"Haya, nisimulie," alisema Eneida, bila kunong'ona. "Wanamtazama nani?"

Nubia aliuchomoa mkono wake. Kwenye televisheni, sauti yake ya ujana ilikuwa inaagiza vijiko vya keki.