Mama Aliyejua Kompyuta Yake Haijafa

Jumanne mchana nilikuwa kwa fundi wa kompyuta pale mtaani Makina, nikingoja chaja yangu, mama mmoja wa makamo akaingia amekumbatia kompyuta ya mezani. Ndani yake alikuwa ameandika maneno ya Kinubi, lugha ya kwao, aliyofundishwa na marehemu mamake, na kila akiketi kuyapanga, mashine inajizima.

Fundi hakuifungua hata. "Mathe, hiyo motherboard, ile bodi kuu ya ndani, imekufa. Tafuta ingine."

"Haijakufa," mama akasema. "Asubuhi inakaa ikiwaka saa nzima. Mchana jua likipiga mabati, haimalizi dakika kumi. Nikiiacha ipoe, inawaka tena. Umeona wapi maiti ikipoa ndio inafufuka?"

Sisi wateja tuliokaa kwenye benchi tukamgeukia fundi. Akajikuna shingo, akachukua bisibisi. Feni ya ndani ilikuwa imezibwa na vumbi zito, haizunguki kabisa. Akaisafisha, akapaka ile dawa ya kupunguza joto, akawasha.

Mama alikataa kiti. Alisimama akitazama saa ya ukutani. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Nusu saa ilipotimia mashine ikiwa bado inanguruma, mzee mmoja akapiga makofi, tukamfuata sote, fundi akiwemo.

"Mathe, hii kazi ulisomea wapi?" fundi akauliza.

"Sikusomea. Naishi nayo."

Nami niliyezoea kumwambia daktari "naumwa" kisha nikanyamaza, nikingoja yeye ndiye ajue, nilichukua chaja yangu nikaondoka, njiani nikijaribu kukumbuka maumivu yangu huanza saa ngapi na hutulia lini.