Mashine Ikinyamaza Mchana

Kazi ya kuendesha mabwawa ya majitaka, kwenye kambi ya wachimbaji nje ya Geita, niliirithi kwa marehemu aliyenitangulia. Nilirithi na mabuti yake, yananibana, na jirani: mjane wake, anayekaa ng'ambo ya uzio.

Siku ya kwanza nilizima mashine ya kupuliza hewa mchana, kama nilivyoelekezwa. Jioni mama huyo akaja langoni, nikamsalimu Kisukuma.

"Mwadila, mama."

"Mwadila. Hiyo mashine usiizime tena."

"Mama, hata punda anapumzishwa."

"Isipumzike. Ikinguruma, najua mume wangu yuko kazini."

Mimi nimeuza dagaa wa Chato pale stendi ya Runzewe. Bei ya kwanza ya mtu sijawahi kuikubali. Ile niliikubali. Mashine ikanguruma usiku na mchana, nami nikajipa moyo: hewa ikizidi, ina ubaya gani?

Ubaya upo. Ndani ya majitaka kuna vijidudu wa aina mbili. Wa kwanza wanataka hewa. Wanaichukua amonia, ile inayochoma pua chooni, na kuigeuza naitreti. Zamu ya wa pili ni hewa ikikatwa. Wakikosa oksijeni ya bure, wanaichomoa iliyomo kwenye naitreti, na naitrojeni inapanda kwa mapovu na kwenda zake angani. Lakini ya bure ikiwepo, nani ahangaike? Naitreti wanaiacha, inatoka na maji. Na maji yetu yanaishia kwenye lambo wanakokunywa ng'ombe wa mama yule.

Nikachovya lamboni karatasi ya kupimia naitreti. Zambarau iliyokolea: imezidi mno. Nikachovya ya pili, maana mimi hata vidole vyangu navihesabu mara mbili. Zambarau. Bwana mifugo akasema ndama wasinywe pale mpaka rangi ipauke. Kiangazi kile, hapakuwa na pengine pa kunywa.

Nikaenda kwa mama, nikamweleza kwamba mchana lazima nizime, kama alivyokuwa akizima marehemu.

"Najua alivyokuwa anazima," akasema. "Ikinyamaza, naepua ugali. Anafika, mvuke bado unapanda." Akautazama uzio. "Siku ile ulipozima, nilipakua. Nikaweka na maji ya kunawa. Nikasubiri."

Mimi ninayeweza kubishana hata na mizani, nikaomba tu.

"Ndama, mama."

"Nimesikia ndama." Akageuka kutazama ng'ombe wake. "Basi zima. Ila mimi sipakulii upepo. Ikinyamaza, uje ule wewe."

"Kila siku?"

"Unaniomba nipunguze?"

"Hapana, mama. Kila siku."

Sasa karatasi imepauka, ndama wananywa. Kila mchana nazima. Ngurumo inafifia, mapovu madogo yanaanza kupanda kimya kimya, nami navuka uzio na mabuti ya marehemu, kwa njia aliyoichonga yeye. Mama ananimiminia maji mikononi akiwa ameyakazia macho mabuti.

Jana lango lilikwama, nikachelewa. Nilipokaribia mlango nikamsikia ndani akicheka. "Kula taratibu," alikuwa anasema.

Nikaingia. Alikuwa peke yake. Ugali ulikuwa umemegwa upande wa kigoda cha marehemu. Nikaitazama mikono ya mama: mikavu, ina majivu ya jikoni, haijaoshwa. Nikaitazama mara ya pili.

"Keti," akasema. "Kitawatosha nyote wawili."