Manati ya Kugombea Shamba la Karibu

Ndugu yangu, sogea nikusimulie wewe, maana wewe hutanicheka. Kuandika nimejifunzia ukubwani, darasa la jioni, mikono bado ina udongo wa shamba.

Tulipohamishiwa kijiji kipya huku Kibondo, mashamba yalikuwa ya namna mbili: ya karibu, nyuma tu ya nyumba, na ya mbali, kule bondeni kwenye nyani. Kila mtu aliyataka ya karibu. Mimi binti yangu alikuwa na kifafa. Akianguka peke yake, anaweza kuangukia moto. Shamba likiwa nyuma ya nyumba ningelima huku namsikia. Hilo ndilo nililomwomba Mungu kila nikishika rozari.

Watu waligombana mpaka mwenyekiti wa kijiji akachoka. Akasema kila kikundi kitengeneze manati kubwa ya kufukuzia nyani, nguzo mbili za kuchimbia chini na mpira katikati. Watakaorusha jiwe mbali zaidi watachagua mashamba kwanza.

Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake watupu, waume zetu wakiwa Tanga kwenye mkonge. Nikadandia lori mpaka Kasulu, nikamwomba muuza duka mmoja Mwislamu mpira wa ndani wa tairi la lori, uliochakaa. Alinipa bure.

"Mwombee mtoto, mama," akasema. "Na mimi nitamwombea."

Aliyefunga ule mpira kwenye nguzo ni wifi yangu. Yeye ndiye aliyetufundisha kujenga nyumba wanaume walipoondoka. Akafunga kama tunavyofunga nyumba, kwa magome mabichi ya miombo yaliyobanduliwa asubuhi ileile. Alikaza mpaka akatoka jasho. Tukajaribu jiwe moja, likavuka uwanja wote.

Mashindano yalikuwa yafanyike kesho yake. Mgeni wa wilayani aliyetakiwa kuyafungua hakutokea, yakaahirishwa, halafu yakaahirishwa tena. Manati zikabaki zimesimama uwanjani, juani.

Siku yenyewe ilipofika, mwanaume mmoja wa kikundi cha pili akatuchokoza.

"Shemeji zangu, hiyo ni manati au kamba ya kuanikia nguo?"

"Pita mbele yake, shemeji, utajua," wifi akamjibu. Watu wakacheka, na sisi tukacheka.

Wifi akavuta. Fundo la upande mmoja likachomoka, mpira ukarudi na kumchapa jichoni.

Nyumba tukishaifunga tunaikandika udongo, na udongo ndio unaoshika. Manati hatukuikandika. Magome yalikauka, yakasinyaa ndani ya fundo, na kwa kutazama tu huoni kitu. Hakuna aliyewaza kufunga upya.

Jicho halikupona. Tukapewa bondeni. Nilimwendea mwenyekiti, nikamweleza habari ya mtoto.

"Tulikubaliana wote, mama," akasema. "Nikikupa wewe, na wengine watakuja."

Wifi hakuweza kulima na kile kidonda, akajitolea kukaa na binti yangu. Mimi nikawa nashuka bondeni alfajiri na kurudi jua likizama.

Siku moja walikuja kuniita. Wifi alikuwa ameketi jikoni anachambua maharage, mtoto ubavuni kwake, upande wa jicho lililokufa. Mtoto aliangukia motoni bila kutoa sauti.

"Sikumwona, wifi," aliniambia. "Nilisikia harufu."

Tulimbeba kwa machela kwenda hospitali. Alifia njiani, tukageuza.

Wifi alidhani sitamsemesha tena. Jumapili nilimpitia kwake, nikamshika mkono, tukaenda kanisani. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Sala zangu sijaziacha, ila siku nyingine nasali meno yameumana.

Sasa nakuomba, usikae na habari hii peke yako. Msomee jirani asiyejua kusoma. Na huko kwenu wakigawa mashamba, simama umwambie mwenyekiti: mwenye mgonjwa nyumbani apewe la karibu kwanza, mashindano yafuate baadaye.