Kijibwa Chekundu cha Kizingo

Gunga alikuwa bawabu wa nyumba moja Kizingo, na juu ya ubawabu alilea vijibwa viwili vya tajiri wake, Bi Mwende, mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Vilikuwa vya aina ya Pomeranian, dume na jike, manyoya tele, vyeusi tititi. Jioni akirudi Majengo, mkewe Mejumaa humngoja mlangoni na ndoo ya maji na mchanga kikoponi: ajitwaharishe najisi ya mbwa mara saba ndipo aingie. Majirani nao, "Mwenzetu kaajiriwa na mbwa!" Gunga akicheka nao.

Jike akazaa. Watoto watatu weusi, na mmoja mwekundu, rangi ya mbwa koko hasa. Lo! Bi Mwende alikuja juu.

"Mzee Gunga, uliacha geti wazi, koko akaingia."

"Wallahi, mama, sikuliacha."

"Basi huyu mwekundu katoka wapi?"

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Akafukuzwa papo hapo, na Majengo nzima ikasikia kwamba ni mzembe, tena ameapa uongo kwa jina la Mungu. Hilo la kiapo ndilo lililommaliza. Msikitini akaacha kusimama safu ya mbele. Kutwa yuko barazani, hasikii njaa wala hasira. Mejumaa akimsema, humtazama tu kama atazamaye ukuta.

Mwaka uliofuata jike akazaa tena, geti likiwa na kufuli na ufunguo kwa Bi Mwende mwenyewe. Akatoka mwekundu mwingine! Ndipo Bi Mwende alipomuuliza daktari wa mifugo, kisha akaja Majengo.

"Weusi hufunika wekundu," akamweleza Gunga, majirani wakisikiliza. "Baba anao wekundu umejificha, mama vilevile. Mtoto akirithi wa huku na wa huku, hutoka mwekundu. Ni Pomeranian halisi kama wenzake. Nilikudhulumu, mzee. Nisamehe."

Mejumaa akapiga kigelegele. Gunga aliungoja moyo wake ufurahi, usifurahi.

"Yule wa kwanza yuko wapi?"

Bi Mwende akainama. "Nilimwambia daktari amdunge sindano, afe. Si nilidhani ni koko? Yaliyopita si ndwele, mzee. Rudi kazini."

"Alikuwa hata macho hajafumbua," Gunga akasema.

Na hapo, mbele ya Majengo nzima, mtu mzima yule akaangua kilio, akamlilia mbwa.