Magari Yaliyoteremka Kimya kutoka Patsy

Barabara ya kupanda kwenda Patsy ilipopanuliwa, ilikata kiwanja chetu vipande viwili. Upande wa bahari ilibaki nyumba ya mama, aliyojengewa na kaka zake. Upande wa mlima ilibaki nyumba yangu. Kwetu binti hujengewa nyumba karibu na ya mama yake hata kabla hajaposwa, na siku akiolewa, mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo nilikuwa na nyumba nilipokuwa nasoma Antananarivo, na nilikuwa nayo nilipopata kazi Moroni, nikapanga chumba kimoja chenye joto nyuma ya soko. Nyumba ile ilinisubiri bila mimi kuiomba.

Kila asubuhi mama alivuka barabara kwenda kufungua madirisha yangu, na baada ya sala ya alasiri alivuka tena kuyafunga. Alisema nyumba ya mwanamke haiachwi inuke ukungu. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini asiiache imefungwa mpaka nirudi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

Alizaliwa ndani ya mji wa kale wa Mutsamudu, chini ya ngome, ambako watu wawili wakikutana kichochoroni mmoja hugeuka ubavu. Gari haliingii kule. Mtu wa kule hutembea kwa masikio: kona zinaficha kila kitu, basi unasikia viatu, unasikia mtu aliyebeba mzigo anahema, unajibanza ukutani. Huku nje ya mji mama hakubadilika. Alifika ukingo wa lami, akasimama, akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza, kisha akavuka. Hakutazama juu wala chini. Nami sikuona kosa, kwa sababu gari lililopanda liliguna tangu bandarini, na lililoteremka lilinguruma kwa gia nzito tangu kwenye kona ya juu. Wanawake wote wa mtaa waliotoka mjini walivuka hivyohivyo.

Hata hivyo walikuwa na hofu. Mwanafunzi mmoja alivunjwa mguu mbele ya duka, na wanawake wakaomba matuta ya barabarani. Wataalamu wakaja kutoka Moroni, wakapima upana wa lami, wakanywa maji ya madafu kwenye baraza yetu, wakaondoka na makaratasi yao. Muda si mrefu kisiwa chetu, Ndzuani, kikajitenga na serikali ya Moroni.

Wakati huo nilikuwa Moroni, katika jengo lilelile walimofanyia kazi wataalamu wale. Nilikwenda kuuliza habari za utafiti wao. Mkubwa wa pale alikuwa mtu mpole. Alinikaribisha kiti, akanieleza kwamba kisiwa bado ni chetu, ila barabara zake kwa sasa si zetu. Nikamwuliza kisiwa kinakuwaje chetu bila barabara zake. Akaniuliza kama nimekula.

Ofisi yetu ilipokaa bila kazi, nilipata nafasi katika meli ndogo nikarudi nyumbani, nikakaa kwa mama, naye akaendelea kuvuka kufungua na kufunga madirisha ya nyumba yangu. Nikaenda kwa wakubwa wapya wa Mutsamudu na swali lilelile. Hawa walikuwa wakali zaidi, na wenye furaha zaidi. Utafiti wa Moroni hawautambui, walisema, watafanya wa kwao. Kweli waliufanya. Waliwaweka vijana wawili kwenye kivuli cha ukuta, karibu na kona, wahesabu magari.

Lakini ilikuwa miezi ya vikwazo tulivyowekewa kwa sababu ya kujitenga. Petroli ilikuja kwa madumu, kwa siri, na magari mengi yalikuwa yamelala uani yakifanywa viota na kuku. Yale machache yaliyobaki yalikuwa na desturi mpya. Dereva akifika juu ya mteremko wa Patsy alizima injini, akaliacha gari liteleze lenyewe mpaka bandarini, ili asitumie hata tone. Walishindana nani atafika mbali zaidi bila kuwasha. Kugusa breki kulionekana ni ushamba, maana kasi ukishaipoteza huipati tena.

Niliwauliza wale vijana wa ukutani kwa nini hawahesabu watu wanaovuka. Mmoja alinijibu bila ubaya kwamba wametumwa kuhesabu magari.

Majibu yalitolewa siku ya Ijumaa, kwenye uwanja ambapo wanaume hukaa wakizungumza na kucheza bao. Wanawake tulisimama pembeni. Tuliambiwa magari ni machache kuliko zamani, kwa hiyo barabara ni salama kuliko zamani, na matuta hayahitajiki. Niliinua mkono. Kabla sijapewa ruhusa, mama alikuwa ameshaanza.

"Zamani gari lilijitangaza," alisema. "Sasa linakuja kama paka."

Dereva mmoja aliyekuwa ameegemea mlango wa gari lake akacheka. "Basi tulifunge kengele, bweni," alisema, kwa neno letu la kumheshimu mwanamke.

"Lifunge. Mbuzi wangu anayo, na hajamgonga mtu."

Uwanja mzima ulicheka, na yule dereva akacheka kuliko wote. Alikuwa kijana wa jirani. Mama alimwita mwanangu, kama alivyowaita wote. Msomaji wa majibu naye alitabasamu, akakunja karatasi yake, na kikao kikaishia hapo. Nimefikiri sana kuhusu kicheko kile. Hakuna aliyembishia mama. Walimpenda, wakamcheka, wakaenda kula.

Nilimwomba awe anatazama. Nilisimama naye ukingoni, nikamwonyesha kona ya juu kwa kidole. Siku mbili tatu alitazama, ili kuniridhisha, kisha shingo yake ikarudia mazoea.

Alasiri ile nilikuwa uani kwa mama nachambua mchele. Sikusikia kitu. Hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulishuhudia: gari lililomuua mama yangu lilipita mbele ya nyumba yetu, nami sikusikia chochote mpaka watu walipoanza kuita. Alikuwa anakwenda kufunga madirisha.

Tulimzika siku ileile. Kesho yake wazee wa mtaa wakaja na dereva kuomba radhi, kama inavyofanywa. Alikuwa ni yeye, yule wa kengele. Alikaa chini kwenye mkeka, macho kwenye magoti yake, na mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, akampokea. Mjomba alisema ni kadari ya Mungu, kila mtu ana siku yake, na sisi tumesamehe. Alisema vizuri, kwa sauti isiyotetemeka, na wazee wakaitikia amina.

Nilikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Nikatoka.

"Kadari ndiyo iliyozima injini?"

Mjomba aliniambia nikae, binti. Lakini yule kijana alikuwa ameshainua uso.

"Nilikanyaga breki, dada," alisema. "Wallahi nilikanyaga. Injini ikiwa imezimwa breki inakuwa ngumu kama jiwe."

"Ulijua hivyo?"

"Sote tunajua."

Mama mdogo alinishika mkono akanirudisha ndani. Nilitaka kumchukia kijana yule na sikuweza kumaliza. Nilitaka pia kuwachukia waliohesabu, na wa Moroni walioondoka na vipimo, na bado sijui kila mmoja wao nimpe sehemu gani. Neno kadari linawafaa wote kwa sababu haligawanyi.

Matanga yalipokwisha, nilimwona mama mdogo amefunga ufunguo wa nyumba yangu kwenye pindo la leso yake. Nilimwambia nyumba ibaki imefungwa. Alisema dada yake hangekubali. Nikaona hatutaelewana, nikachukua mkeka na nguo zangu nikahamia ng'ambo ya barabara mwenyewe, nifungue na kufunga madirisha yangu kwa mkono wangu, ili mtu yeyote asivuke tena kwa ajili yangu.

Mchana nilitoka barazani. Mama mdogo alikuwa amesimama upande wa pili na sinia ya chakula kichwani, wali na samaki, imefunikwa kawa. Hakuniuliza kama nina njaa. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza.

Nikashuka mpaka kwenye lami, nikatazama kona ya juu kwa niaba yake, nikatazama tena, ndipo nikamwambia, "Njoo."